Haki ya Njia Katika Mji wa Garissa

Wafugaji wa ukingo wa Mto Tana wana sheria moja kongwe ambayo haikuandikwa katika daftari la serikali yoyote, nayo ni kwamba mnyama mwenye kiu, awe ngamia, ng'ombe au mbuzi, sharti apate njia ya kuufikia mto, na kwamba njia hiyo, iitwayo malka, haina mwenyewe, hailimwi, haizungushiwi ua, wala haikatwi na nyumba, hata kama ardhi ya kushoto na ya kulia kwake imekwisha kugawanywa na kila mtu amelipata fungu lake. Sheria hii si porojo za wazee. Katika Delta ya Tana damu ilimwagika mwaka 2001, ikamwagika tena kwa wingi zaidi mwaka 2012 hata kuingia mwanzo wa 2013, wakapotea watu zaidi ya 100, wakulima wa Kipokomo kwa wafugaji wa Kiorma; na miongoni mwa sababu zilizotajwa za msiba huo, pamoja na siasa na tamaa za wakubwa, palikuwa na neno la malka zilizozibwa na mashamba.

Watu ambao huweza kufikia hata kupigana kwa ajili ya njia ya ng'ombe, mtu angetazamia kwamba siku watakapoacha kuhama wakajenga mji wao wenyewe, mji huo utakuwa kielelezo cha njia kwa nchi nzima. Garissa haikuwa hivyo. Katika mitaa yake mingi, ile iitwayo bulla, njia ndiyo kitu cha mwisho kufikiriwa, na aghalabu haifikiriwi kabisa, bali hubaki tu kama kilichosalia baada ya kila mtu kuchukua haki yake na zaidi kidogo. Ni ajabu hiyo ninayotaka kuizungumza hapa, maana nionavyo mimi ndiyo inayoamua, kuliko lami na kuliko majengo ya ghorofa, ni mji wa namna gani wajukuu wa wafugaji hawa watakaourithi.

Siku za Mwingereza mji haukutakiwa ukue. Nchi yote hii ya kaskazini mashariki ilikuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyofungwa kwa sheria ya mwaka 1926 na kukazwa kwa nyingine ya mwaka 1934, hata mtu asiweze kuingia wala kutoka ila kwa kibali, na mfugaji akionekana muda mrefu karibu na maduka aliulizwa ana haja gani hapo. Garissa ya wakati huo ilikuwa boma la mkuu wa wilaya, lini za polisi, safu za maduka na mto. Njia zake zilikuwa chache na zilinyooka, kwa kuwa hapakuwa na watu wa kuzipinda.

Kisha watu walikuja, na hawakuja kwa furaha. Vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka 1963 na kumalizika kwa maafikiano ya mwaka 1967, viliwaleta wengi kwa nguvu katika vijiji vya kulindwa na askari, ambako wanyama wao waliteketea kwa risasi, kwa maradhi na kwa kukosa malisho. Ukame ukaleta wengine. Aliyekuwa na ngamia mia akabaki na kumi, aliyekuwa na kumi akabaki na fimbo, na mwenye fimbo tupu hana la kufanya porini, basi husogea mahali penye mto, kisima cha serikali, hospitali na jamaa aliyetangulia. Mwaka 1980, mwezi wa Novemba, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini kwa bunduki, askari walitia moto Bulla Kartasi na watu wakakusanywa uwanjani kwa mateso ambayo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuja kuyaandika katika taarifa yake ya mwaka 2013. Na bado watu hawakuondoka, kwa sababu hawakuwa na pa kurudi. Baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991 biashara ikafuata wakimbizi. Baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013 fedha za umma zikafuata biashara. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta mjini watu karibu 120,000, na ile ya mwaka 2019 ikakuta zaidi ya 160,000, mji mkubwa kuliko wote wa kaskazini mashariki. Katika miaka kumi, basi, wameongezeka watu wa kujaza mji mwingine mdogo, na kila jamaa miongoni mwao imetafuta mahali pa kuweka ua.

Hebu tuutazame ua huo, kwa kuwa ndani yake imo siri yote. Mwanzo wa bulla ni herio, kibanda cha mviringo cha fito zilizokunjwa na kufunikwa mikeka na ngozi, ambacho hujengwa na wanawake na ambacho, katika maisha ya kuhama, hufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia kabla jua halijawa kali. Jamaa akifika mjini hukisimamisha karibu na ndugu zake, huku akiacha nafasi ya heshima na ya mifugo michache aliyobakiwa nayo, akazungusha miba. Baina ya miba yake na ya jirani hubaki ujia, na hakuna aliyeupima, kwa kuwa miguu iliyopita hapo jana itapita hapo kesho, na ukiwa na tatizo miba huvutwa kando kwa dakika chache. Mwaka wa pili huja shemeji, mwaka wa tatu mjomba. Ua husogea mbele hatua mbili ili apatikane pa kumlaza mgeni. Herio hugeuka nyumba ya mabati, mabati hugeuka mawe, miba hugeuka ukuta wenye geti la chuma, na barua ya kiwanja hutafutwa kutoka ofisi ya ardhi ili kukihalalisha kilichokwisha simama. Hapo ule ujia, ambao ulikuwa nafasi ya muda baina ya vitu vya muda, huwa ni wa milele. Nyumba imebadilishwa mara tatu, na mwenyewe labda amekwisha kufa, walakini njia haikubadilika kamwe, isipokuwa kwa kupungua.

Katika mji uliopangwa, njia hutangulia, kiwanja hufuata, na nyumba huja mwisho. Katika bulla mambo yamepinduliwa yote, na mpima ardhi akifika na mnyororo wake na mawe yake ya mpaka hukuta kazi yake si kupanga bali kusuluhisha. Sisemi haya kwa kuwalaumu waliojenga. Mtu aliyepoteza wanyama wake wote hawezi kuambiwa alale juani mpaka ramani iidhinishwe.

Huko ng'ambo wapo wataalamu waliofanya elimu ya jambo hili. Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, katika uchunguzi walioutangaza mwaka 2020 katika jarida la chuo cha sayansi cha taifa la Marekani, walizikusanya barabara za dunia nzima kutoka OpenStreetMap, ile ramani huria ambayo mtu yeyote aweza kuichorea mtaa wake, wakauliza maswali ambayo hata mchukuzi wa maji wa Garissa angeyauliza: katika kila njia panda hukutana njia ngapi, ni njia ngapi zinazofika mahali zikafa, na mtu anayetaka kwenda kwa jirani ambaye ukuta wake anauona, hulazimika kuzunguka mara ngapi ya umbali wa mstari ulionyooka. Waliyoyakuta ni kwamba tangu mwaka 1975 mitaa mipya duniani, kwa jumla, imezidi kukatikakatika, na kwamba mtaa mpya huelekea kufanana na ule wa zamani ulio karibu nao, hata kosa la kizazi cha kwanza likawa wasia kwa cha pili. Marekani yenyewe ilifikia kilele cha ugonjwa huo katika miaka ya 1990, kisha ikaanza kupata nafuu.

Lakini tusiikubali elimu ya wenzetu bila kuipima kwa hali yetu. Njia kipofu ya Marekani ilikuwa anasa iliyokusudiwa: tangu miaka ya 1930 idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba iliwashauri wajenzi watengeneze mitaa iliyofungwa mwisho ili watoto wacheze kwa amani na magari ya wageni yasipite, na mwenye nyumba hakuona taabu ya mzunguko kwa kuwa aliufanya akiwa ameketi ndani ya motokaa. Njia kipofu ya Garissa haikukusudiwa na mtu, na mzunguko wake hufanywa kwa miguu, juu ya mchanga unaomeza nyayo, katika joto ambalo mara nyingi hupita nyuzi 35, na anayeufanya aghalabu ni mwanamke mwenye mzigo. Jina la ugonjwa ni moja, wagonjwa si wamoja.

Tena yapo maarifa yaliyo karibu nasi kuliko hayo ya ng'ambo, nayo yamekaa katika vitabu vya misikiti yetu yakisomwa kwa sauti na kusahauliwa mlangoni. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim imo hukumu ya Mtume kwamba watu wakihitilafiana juu ya njia basi upana wake uwe dhiraa saba, kadiri ya mita tatu na nusu, na baadhi ya waliotafiti miji ya Kiislamu wamesema kwamba kipimo hicho huwatosha ngamia wawili wenye mizigo kupishana. Mafakihi wakajenga juu yake. Walitofautisha njia inayopenya, ambayo ni mali ya umma wote na hapana mwenye idhini ya kuipunguza hata kwa shubiri, na njia isiyopenya, ambayo ni shirika ya wale tu wanaokaa ndani yake, hata mtu wa nje asifungue mlango huko ila kwa radhi zao. Niutazamapo mgawanyo huu naona ndani yake hoja kali kuliko takwimu yoyote: anayeuziba ujia wa bulla kwa ukuta wake hakuiba hatua mbili za mchanga, bali ameugeuza mtaa mzima kutoka hukumu ya kwanza kwenda ya pili, ameutoa katika miliki ya umma akautia katika miliki ya nyumba tano au sita, wala hakulipa kitu. Imamu anayetaka maudhui ya khutba ya Ijumaa katika Bulla Iftin au Bulla Sheikh hana haja ya kuyatafuta mbali.

Mwenye shaka kwamba mchanga huu huu waweza kuwa na mitaa inayokutana, na asafiri kilomita 100 hivi kwenda Dadaab. Hagadera, mojawapo ya kambi tatu za awali za wakimbizi, ilipangwa mwaka 1992 na msanifu Mswidi, Per Iwansson, kwa vitalu na njia zilizotangulia kupimwa. Na ingawa kambi zote tatu zilikusudiwa watu 90,000, na ikafika mwaka 2011 zikabeba zaidi ya 400,000, njia zile kubwa zilibaki njia, maduka yakajipanga kando yake, na soko la Hagadera likawa soko ambalo hata watu wa Garissa mjini hulitaja kwa kijicho. Basi mgeni, aliyekatazwa kujenga nyumba ya kudumu kwa kuwa alitarajiwa kurudi kwao, alipewa njia za kudumu. Na mwenyeji, mwenye ruhusa ya kujenga ghorofa, akaachwa na kichochoro.

Hata hivyo sisifu mstari ulionyooka kwa ajili ya kunyooka kwake. Njia za kambi zilinyooshwa ili lori la chakula lifike na mlinzi aone mbali, na vijiji vile vya kulindwa vya wakati wa Shifta vilikuwa na shabaha hiyo hiyo ya kumweka mtu mahali anapoonekana. Serikali zetu huwa hodari sana wa kunyoosha njia panapo haja ya kuwatazama watu, na wazito sana panapo haja ya watu wenyewe kupita. Ndiyo sababu mzee wa bulla akiona vigingi vya mpima ardhi moyo wake hushtuka, na sidhani mshtuko huo ni wa ujinga.

Wala si kila mji wa njia nyembamba ni mji mbaya. Lamu ina mitaa ambayo mtu akinyoosha mikono hugusa kuta zote mbili, na mmoja tu, Usita wa Mui, ndio unaoukata mji kwa urefu, hali Umoja wa Mataifa uliutia katika urithi wa dunia mwaka 2001. Ila Lamu imejikunja mahali padogo, ghorofa juu ya ghorofa, kivuli juu ya kivuli, na msikiti, soko na bandari vyote viko hatua chache. Punda hupita, na kwa mji wa kadiri hiyo punda anatosha. Garissa imechukua njia finyu za Lamu ikazitandaza juu ya uwanda usio na mwisho. Nyumba zake nyingi ni za chini, kila moja katika ua mpana, kwa kuwa mfugaji hata akiwa mjini hupenda kuona mbingu, na ninaipenda tabia hiyo. Lakini mji wa namna hiyo hutapakaa kwa haraka kuliko unavyojaa. Umefuata lami upande wa Modika katika njia ya Dadaab, umefuata barabara ya kusini kuelekea Bour-Algi, ambako twiga wa hifadhi sasa hula mgunga wakitazama mabati, na baina ya matawi hayo imebaki ardhi tupu iliyotekwa na mathenge, mti ule wa miba ulioletwa kuzuia jangwa na ambao sasa huziba njia kwa bidii kuliko mwanadamu yeyote. Katikati ya mji zimeketi kambi za askari, gereza na uwanja wa ndege, kila kimoja kikiwa na seng'enge ambayo mtu huizunguka na haikati. Baada ya mashambulio ya miaka ya 2011 hadi 2015, na hasa baada ya asubuhi ile ya tarehe 2 Aprili 2015 walipouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, vizuizi viliongezeka, amri ya kutotoka usiku ikatangazwa katika kaunti nne, na njia kadha wa kadha zilizofungwa kwa hofu zilichelewa kufunguliwa kwa mazoea. Sina ubishi na ulinzi. Nasema tu kwamba kila kizuizi kina wanaolindwa nacho na wanaozungushwa nacho, na mara nyingi si watu wale wale.

Gharama ya haya yote hulipwa kwa senti ndogo ndogo, kwa hiyo haionekani katika bajeti. Maji ya mto husambazwa katika bulla nyingi kwa mikokoteni ya punda, na bei ya jerikeni hufuata miguu ya punda. Mwenye nyumba ya mwisho katika ujia uliokufa, ambaye aghalabu ndiye aliyechelewa kufika na ndiye maskini kuliko wenzake, hununua maji ghali kuliko mwenye nyumba ya lami. Bomba la maji hutandazwa chini ya njia, na pasipo njia hakuna mahali halali pa kulilaza. Kadhalika mfereji wa maji machafu, nguzo ya umeme na gari la taka, ambalo likikosa kupita kazi yake huachiwa wale makorongo wakubwa wenye vipara wanaotembea Garissa kwa vishindo vya madiwani. Tuktuk huingia mpaka mchanga unapozidi, kisha humshusha abiria. Mama anayeshikwa na uchungu usiku hubebwa na jirani mpaka barabarani, na umbali huo hauhesabiwi na anayeandika kwamba hospitali ya rufaa iko kilomita mbili tu kutoka kwake. Mvua zinyeshapo, nazo hazinyeshi mara nyingi ila zikija huja kwa ghadhabu, laga, ile mito ya msimu, zilizokuwa kavu miezi kumi hukumbuka njia zao, zikakuta juu yake nyumba za watu ambao hawakuambiwa na yeyote kwamba maji nayo yana malka yake.

Na mji mzima, kwa upande wa Nairobi, una mlango mmoja. Daraja la Tana ndilo kivuko cha lami pekee baina ya Garissa na Madogo, ingawa Madogo na Mororo, zilizo ng'ambo katika Kaunti ya Tana River, ni mitaa ya Garissa kwa kila hali isipokuwa kwa sheria: watu hulala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili, na mpaka wa kaunti, ambao wanasiasa wa pande mbili hawajaacha kuugombania, hufanya kila mmoja aipange nusu yake kana kwamba nusu nyingine ni nchi ya kigeni. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yaliikata barabara ya darajani. Ya mwaka 2024 yakaikata tena, na watu wakavushwa kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa tuktuk, mpaka tarehe 28 Aprili mashua moja iliyojaa abiria ilipopinduka katika eneo la Kona Punda na roho zikapotea. Mto ulifurika kama ulivyofurika mwaka wa El Nino wa 1997 na kama utakavyofurika tena. Lililowaua watu, nadiriki kusema, ni kwamba hapakuwa na njia ya pili.

Miji jirani ina mashaka yake ya namna hiyo. Huko Wajir maji yako karibu sana na uso wa ardhi, hata shimo la choo haliwezi kuchimbwa bila ya kuchafua kisima, na kwa miaka mingi watu walitumia vyoo vya ndoo, ambavyo sharti mchukuzi avifikie nyumba kwa nyumba. Pale njia iliyozibwa ni suala la kipindupindu. Mandera nayo imekua ikiegemea Bula Hawa iliyo upande wa Somalia, soko kwa soko na ukoo kwa ukoo, mpaka mwaka 2015 serikali ilipoanza kuweka kizuizi cha mpaka, na njia ambazo zilikuwa za kwenda sokoni zikageuka njia za kufika uani.

Sasa pana dawa gani? Kupanua njia baada ya nyumba kusimama kumejaribiwa. Mradi wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, ulioanza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliihesabu Garissa miongoni mwa miji 15 ya Kenya, na kazi ya namna hiyo, popote inapofanywa, hufundisha jambo lile lile: kwamba kila mita ya njia inayofunguliwa ndani ya mtaa uliokwisha jengwa hununuliwa kwa fidia, kwa mabaraza, kwa kesi na kwa machozi, hata fedha iliyotengwa kwa barabara kumi huishia katika tatu. Kwa mitaa ya kale hapana budi. Itengenezwe kidogo kidogo, ikianza si kwa lami bali kwa kutoboa zile kuta mbili tatu ambazo, zikitobolewa, njia nne zilizokufa hufufuka. Hapo mhandisi asitangulie. Watangulie wachukuzi wa maji na madereva wa tuktuk, maana wao wanalijua kila pengo lililozibwa na mwaka lilipozibwa.

Lakini azma kubwa ingeelekezwa mahali ambapo nyumba hazijafika. Mtaalamu Shlomo Angel wa chuo kikuu cha New York, ambaye kwa miaka mingi amepima jinsi miji ya dunia inavyopanuka, aliwashauri watawala wa miji ya Ethiopia, miongoni mwao Hawassa, Adama, Bahir Dar na Mekelle, wasijishughulishe kupanga kila kiwanja cha mji ujao, kwani hawataweza, bali waweke kwanza alama za barabara kuu chache, zenye upana wa mita 30 au karibu na hapo, zilizoachana kwa kadiri ya kilomita moja, zikikatana kila upande, na ndani ya mraba waache watu wajenge. Hesabu yake mtu aweza kuifanya kwa kijiti mchangani: katika kila kilomita moja ya mraba barabara hizo huchukua sehemu sita tu kwa mia ya ardhi. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, hudai zaidi, hutaka sehemu 30 kwa mia ziwe njia za kila namna. Mimi ningeridhika na zile sita kuanzia Modika na kuanzia Bour-Algi, mradi ziwekwe mwaka huu.

Nimesikia pingamizi kwamba nafasi ya mita 30 ikiachwa wazi haitamaliza masika mawili kabla ya kujengwa vibanda. Pingamizi hilo lina nguvu mahali pengine kuliko hapa. Kiambu au Kilifi mtu akitaka kuacha njia hununua ardhi kwa mwenye hati. Garissa sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka mji ni ya jamii, ambayo kwa Ibara ya 63 ya Katiba ya 2010 na kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 serikali ya kaunti huishika kwa amana mpaka isajiliwe, na sheria ya mipango ya mwaka 2019 imekwisha kuiwajibisha kaunti kuweka mipango ya matumizi yake. Basi leo njia haina bei. Itakuwa na bei siku barua za viwanja zitakapotangulia. Na kuhusu kuilinda, sioni kwa nini barabara ya mita 30 itangazwe kwa bango la bluu la serikali peke yake, hali kuna jina ambalo kila mzee wa ukingo wa Tana hulitambua na amekwisha kujua kwamba chini yake hakujengwi. Wazee wa koo, makadhi na mpima ardhi waketi baraza moja, watembee mstari kwa miguu, na zile barabara zisajiliwe katika ramani ya kaunti, na zitajwe katika kila mkutano wa bulla, kuwa ni malka.